Nusu saa ya mwisho katika Darasa la Pili B: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya msingi ya serikali upande wa Mbagala, Dar es Salaam, nami nakiandika kama mwalimu wa taaluma wa shule hiyo. Kinahusu nusu saa ya mwisho ya zamu ya asubuhi, saa 5:00 hadi saa 5:30, muda ambao walimu wengi tunauona ni wa kumalizia tu. Mimi naamini muda huo unastahili kuandaliwa kwa makini kuliko kipindi kingine chochote cha siku, hasa kwa watoto wadogo na darasa likiwa kubwa. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

Mazingira

Pili B ina watoto 97. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango, na utekelezaji wake kuanza Januari 2016, shule za pembezoni mwa jiji zimefurika. Sisemi hivi kwa kuilaumu elimu bila malipo. Katika hao 97 wapo ambao bila waraka ule wasingefika darasani kabisa.

Vyumba havitoshi, kwa hiyo tunaingia kwa zamu. Pili B wanaanza saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 5:30. Chumba hichohicho kinapokelewa na Pili D saa 6:00. Mlango ni mmoja. Madirisha yana nondo. Madawati yametengenezwa kwa watoto watatu, wanakaa wanne. Darasa la kwanza na la pili zamu zao hazibadiliki mwaka mzima, ila kuanzia la tatu hadi la tano watoto hubadilishana kila mwezi: aliyekuwa asubuhi anahamia mchana. Jambo hili la kubadilishana zamu lina uzito wake katika kisa, msomaji alishike.

Kipindi cha mwisho cha Pili B ni cha kuhesabu. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 ulitenga asilimia 80 ya muda kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na kipindi kwao ni dakika 30. Hivyo si ajabu siku ikaishia kwenye hesabu, kazi inayotaka kichwa kilichotulia, wakati maandazi ya mapumziko ya saa 4 yameshayeyuka tumboni na wengine hawakuwa na shilingi ya kununua hata hilo andazi.

Siku ya tukio

Mtoto mwenyewe nitamwita mtoto wa dawati la nyuma. Ana miaka minane, na dada yake yuko Darasa la Tano. Mwezi mzima uliotangulia dada alikuwa zamu ya asubuhi. Akitoka saa 6:15 anamkuta mdogo wake chini ya mwarobaini ulio karibu na ofisi, wanashikana mikono, wanakwenda nyumbani. Jumatatu ya kwanza ya mwezi mpya Darasa la Tano likahamia mchana. Mama yao, ambaye hutoka nyumbani alfajiri kwenda kuchukua samaki kwenye soko la Feri, alijipanga vizuri tu. Alimwomba jirani, ambaye mwanawe yuko Pili A, ili watoto wawe wanarudi wawili. Alimwambia mwanawe, akamwambia na mtoto wa jirani. Mwalimu hakuambiwa, na kusema kweli shuleni hapakuwa na utaratibu wowote wa mzazi kumwambia mwalimu jambo kama hilo.

Saa 5:30 kengele ikagongwa. Kwetu kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Mtoto wa jirani akaja mpaka mlangoni kwa Pili B, akakuta watoto wanasukumana, wengine wanatoka, Pili D waliowahi wanataka kuingia wakamate madawati ya mbele, vumbi la ufagio limetanda. Akaita jina la mwenzake, hakuitikiwa. Akajua ametangulia, akaenda zake.

Hakuwa ametangulia. Alikuwa ndani, kwenye dawati la nyuma, ananakili hesabu ya sita kati ya kumi. Kanuni ya darasa ilikuwa moja na kila mtoto aliijua: asiyemaliza hatoki. Alipotoka ilishakaribia saa 6:00, uwanja umejaa sura za zamu ya mchana. Akafanya alichozoea mwezi mzima, akaenda kukaa chini ya mwarobaini kumsubiri dada. Dada naye alikuwa ameingia kwa lango la nyuma na kunyoosha moja kwa moja darasani. Saa 7 njaa ikamsogeza mtoto hadi getini, kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga. Mama yule akamkalisha kwenye ndoo aliyoipindua, akampa kipande cha muhogo, na kila alipotaka kuinuka kuelekea barabarani alimshika mkono. Shule inamshukuru mama huyo mpaka leo.

Saa 8 na robo simu ya mwalimu wa Pili B ikaita akiwa anafundisha Darasa la Nne. "Shikamoo mwalimu. Samahani, mwanangu hajafika nyumbani, na aliyekuwa aje naye amerudi peke yake." Mtoto alipatikana baada ya muda mfupi, mzima, ana mafuta ya muhogo mashavuni. Lakini Barabara ya Kilwa iko karibu, na tangu ilipopanuliwa kwa ajili ya njia za mabasi ya mwendokasi kuivuka ni safari kwa mtoto wa umri ule. Kila mwalimu aliyesikia habari ile alifikiria jambo lilelile, ingawa hakuna aliyelisema kwa sauti.

Maelezo ya kwanza, na kwa nini hayakutosha

Katika kikao cha walimu mwenye darasa, mwalimu mzoefu na mwenye moyo wa kazi, alisema watoto wa siku hizi hawasikii. Kengele ikilia huwa kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Wengi walikubaliana naye. Yakatolewa mapendekezo mawili: kuongeza viranja wa kuandika majina ya wapiga kelele, na mwalimu wa zamu asimame mlangoni na fimbo.

La fimbo lilianguka haraka. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari maalumu. Kuchapa watoto mlangoni kwa sababu wanasukumana hakumo humo. Na tuziweke kanuni pembeni: mtoto wa miaka minane anayesukumwa na wenzake sitini nyuma yake ana kosa gani?

La majina lilikuwa na mvuto zaidi, kwa sababu tayari lilikuwa likifanyika. Nikaomba karatasi za kiranja za wiki mbili zilizopita na kuzisoma pamoja na daftari la maendeleo. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunifungukia. Majina yaliyojirudia kwenye orodha ya wapiga kelele hayakuwa ya watoto wazito. Yalikuwa ya watoto wepesi, wanaopata nane na tisa kati ya kumi. Halafu yalikuwapo majina yaliyofutwa kwa kukwaruzwa, na watoto wenyewe waliniambia bila kusita kwamba jina hufutwa kwa pakiti ya ubuyu. Tulikuwa tumemkabidhi mtoto wa miaka tisa mamlaka ya mahakama, na yeye akafungua duka.

Nilichokiona nyuma ya darasa

Nikamwomba mwalimu nikae dawati la nyuma, upande ule anaokaa yule mtoto, siku kadhaa, nikiwa na saa na daftari. Siku hazikutofautiana sana, kwa hiyo nitaeleza moja.

Saa 5:05 mwalimu amemaliza kuelekeza, ameandika hesabu kumi ubaoni. Watoto wananakili. Saa 5:12 wa kwanza anasimama kupeleka daftari mezani lisahihishwe. Saa 5:15 ni foleni ya watoto kumi na kitu. Saa 5:20 niliacha kuhesabu. Foleni imejikunja mbele ya ubao mara mbili, kila mtoto ameliinua daftari juu ili lionekane. Mwalimu hanyanyui kichwa. Kalamu nyekundu inakwenda, vema, vema, kosa, vema, sahihi, mwingine.

Nikiwa kule nyuma, kwenye urefu wa macho ya mtoto aliyekaa, nilitazama ubao nisiuone. Niliona migongo na mabegi. Mtoto aliyekuwa mbele yangu alikuwa akisimama, anachungulia kati ya mabega mawili, anashika tarakimu moja kichwani, anakaa, anaiandika, anasimama tena. Hesabu ya 34 jumlisha 25 ilimchukua safari nne. Wengine walishakata tamaa na kunakili kutoka kwa jirani, majibu na makosa yake.

Waliomaliza mapema ndio waliokuwa wakiwaziba waliochelewa, na kanuni ya asiyemaliza hatoki iliwaadhibu waliozibwa.

Nao waliokwisha kusahihishiwa, je? Hawakuwa na kazi. Saa 5:16 mtoto ameshapata vema zake kumi, ana robo saa nzima mbele yake na hakuna aliyemwambia aifanyie nini. Anafunga begi, anamchokoza mwenzake, anamnyang'anya kichongeo, anapiga kelele. Kiranja anaandika jina lake. Ndiyo maana orodha ilijaa watoto wepesi.

Kengele inapogongwa, mambo matano yanataka kutendeka kwa pamoja kupitia mtu mzima mmoja na mlango mmoja: foleni ya kusahihisha bado haijaisha, madaftari yaliyosahihishwa yanatafuta wenyewe, wa zamu ya usafi wanatafuta mafagio, wa kwenda nyumbani wanatoka, Pili D wanaingia. Mwalimu, ambaye saa 6:15 anatakiwa Darasa la Nne, anainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu saa 5:12 na kukuta vurugu. Kwa macho yake imeanza sasa hivi. Kumbe ilianza pale mtoto wa kwanza aliposimama na daftari.

Ninakaa sana hapa kwa sababu kosa hili la uchunguzi tunalifanya katika shule nyingi. Tunaangalia mlango, kwa kuwa kelele ziko mlangoni, tunaacha foleni iliyozizaa.

Kilichobadilishwa

Mwalimu wa Pili B alilielewa jambo hili upesi kuliko nilivyotarajia, na mabadiliko mengi ni ya kwake. La kwanza lilikuwa foleni: ikafutwa. Hesabu zikapungua kutoka kumi hadi tano, na yeye akawa anapita kati ya madawati na kalamu yake watoto wakiwa wanafanya kazi, akianzia nyuma. Kwa dakika kumi hawezi kuwapitia wote 97, na hajifanyi kuweza. Anapitia theluthi moja: safu za ukutani leo, za katikati kesho, za dirishani keshokutwa. Madaftari yaliyobaki yanakusanywa na mtoto wa mwisho wa kila dawati, yakiwa yamefunguliwa ukurasa wa leo. Kuyafungua mapema kunaonekana jambo dogo mpaka uwe na madaftari sitini ya kupekua. Hayo anayaangalia ofisini kwa jicho la haraka, kutafuta kosa linalojirudia, bila kuweka alama kila mstari.

Hapo wazazi wakaja juu. Daftari lisilo na wino mwekundu, kwa mzazi, ni ushahidi kwamba mwalimu hakufundisha. Baba mmoja alikuja na daftari kwapani kuuliza mwanawe anakaa darasani au uwanjani. Si swali la kupuuza. Kwa mzazi anayerudi usiku, ile vema ndiyo ripoti pekee anayoipata ya siku nzima. Mwalimu alimwonyesha zamu za safu, akamweleza siku gani atafute wino kwenye daftari la mwanawe, na kwenye kikao cha wazazi akalirudia kwa wote. Malalamiko yakapungua, hayakwisha.

La pili, chaki inawekwa chini saa 5:20. Hili lilikuwa gumu kwake kwa sababu aliona anaibia kipindi dakika kumi. Lakini dakika zile kumi hazikuwa na hesabu ndani yake hata zamani. Zilikuwa na foleni. Sasa ikifika saa hiyo penseli inaingia begini, begi linawekwa mapajani, watoto wanne wa zamu wanafagia njia za kati wakati wenzao wameinua miguu. Wanafagia mapema, kabla ya kengele, na Pili D wanakuta chumba kisafi. Ugomvi wa madarasa mawili kuhusu nani kaacha maganda ya machungwa umekufa wenyewe.

Wakati wa kufagia anatega vitendawili. "Kitendawili!" Darasa zima: "Tega!" Mwanzoni alifanya safu inayojibu ndiyo itoke kwanza. Ilifurahisha siku mbili tatu, kisha tukaona ni safu zilezile zinazotoka mapema, na watoto wa nyuma wamerudi kulekule kwenye kuchelewa, safari hii kwa jina la mchezo. Akaitenganisha michezo na kutoka. Vitendawili vikabaki kuwa vitendawili, na mtoto wa dawati la nyuma, nimefurahi kulishuhudia hili, anatega vya kwake alivyoletewa na bibi yake kutoka Rufiji.

La tatu ndilo ninalolitetea kuliko yote. Watoto hawatoki tena kwa safu wala kwa wepesi wa kumaliza. Wanatoka kwa njia ya kwendea nyumbani. Kundi la kwanza ni wanaovuka Barabara ya Kilwa. La pili ni wachache wanaopanda daladala. Hao wanahitaji kuwahi, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na abiria wakiwa wengi makonda hawapendi kuwajaza wanafunzi. La tatu ni wa mitaa ya nyuma ya shule, wanaokwenda kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. La mwisho ni wanaosubiri mtu: dada, kaka, bodaboda ya nyumbani. Hawa hawatolewi. Wanabaki na mwalimu wa zamu kwenye baraza ya ofisi mpaka mtu wao atokee kwa jina.

Kila kundi lina kiranja wa njia, ambaye haandiki majina ya mtu yeyote. Kazi yake ni kuhesabu tu. "Tuko kumi na nane, mwalimu." Mwalimu anaangalia daftari la njia, lenye orodha ya kila kundi, wako kumi na nane, wanaaga, wanakwenda. Madarasa yote manne ya pili sasa yana daftari la njia, na Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, zamu za wakubwa zinapobadilika, kipindi cha kwanza kinaanza kwa swali moja kwa kila mtoto mwenye ndugu shuleni: leo unarudi na nani? Asiyejua, mzazi wake anapigiwa simu asubuhi hiyohiyo, kabla mambo hayajafika saa 8 mchana.

Barabara

Mipaka ya kazi ya mwalimu ipo, na barabara ni mmojawapo. Unaweza kuwatoa watoto kwa utulivu wote wa dunia, wakafika ukingoni mwa lami na kukuta hakuna kivuko. Jiji hili linajua la kufanya. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioanzia hapa Dar es Salaam, uliboresha maeneo ya shule kwa vitu vya bei ndogo: matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, alama za barabarani. Mwaka 2019 ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Kamati yetu ya shule imeandika barua kwa ofisi ya kata kuomba tuta na kivuko upande wetu. Wazazi wawili wa Pili B wamejitolea kupokezana kusimama pale na kibendera saa 5:30. Naandika hivi nikitaka kamati nyingine zijue kwamba kuomba kivuko ni kazi yao halali kama ilivyo kuomba madawati.

Yaliyobaki

Siku mwalimu wa Pili B anapougua, utaratibu unayumba. Anayeshika darasa kwa siku moja hurudia foleni, kwa sababu ndivyo sote tulivyosomeshwa na ndivyo tulivyofundishwa kufundisha. Tumeubandika utaratibu ndani ya kabati la darasa, lakini mtu aliyeingia na madarasa mawili mikononi hana nafasi ya kusoma karatasi.

Darasa la kwanza nao wanataka kuanza, na kwao bado hatujajua tufanyeje. Mtoto wa miaka sita hawezi kuwa kiranja wa njia, na wengi hawajui jina la mtaa wao. Wanajua "karibu na kwa mangi". Mwalimu wao amependekeza utepe wa rangi begini kwa kila njia, mafundi cherehani wa jirani wameahidi vipande vya kitambaa bure, tutajaribu muhula ujao.

Masika ndiyo yanayonisumbua zaidi. Mvua ikinyesha saa 5:30 baraza ya ofisi haiwatoshi, Pili D wanafika wameloa na hawawezi kuachwa nje, na ndani ya chumba kimoja tunakuwa na watoto karibu mia mbili. Kwa sasa tumekubaliana na mwalimu wa Pili D kwamba siku ya mvua Pili B wanasogea madawati ya upande wa dirisha, wanabaki wamekaa, daftari la njia linafuatwa hata kama ni saa 6:30, na Pili D wanaanza na masimulizi badala ya maandishi. Tumelijaribu wakati wa vuli, likaenda vizuri kwa mvua ndogo. Masika yenyewe bado hayajaanza.